Soga Haina Karani

Mwezi uliopita, baada ya sala ya alasiri, mtoto wa kaka yangu alinijia barzani na daftari lake la skuli. Mwalimu wao wa Kiingereza aliwapa kazi ya nyumbani: waandike maneno ya Kiingereza yasiyo rasmi ambayo watu huyatumia kuyataja mazungumzo ya kirafiki, na mbele ya kila neno waweke Kiswahili chake. Alikwishaandika matano kwa mwandiko wake mzuri: "chat", "natter", "chinwag", "gossip" na "small talk". Upande wa Kiswahili ulikuwa mtupu, isipokuwa mstari wa kwanza, ambapo aliandika "kuchati", kisha akalikata.

"Ami," aliniambia, "wewe ulikuwa mkalimani. Nisaidie."

Nilichukua kalamu kwa furaha ya mtu aliyeulizwa jambo analolijua. Nikaanza kutoka chini kwenda juu, nikimweleza na yeye akiandika, mpaka tukafika kwenye neno la kwanza, lile lililo jepesi kuliko yote. Hapo nilinyamaza. Nilimwambia aniachie daftari mpaka kesho. Hakujua kwa nini, wala sikumweleza. Wewe msomaji nitakueleza, maana nimelibeba jambo hili zaidi ya miaka ishirini, na kwa neno dogo kama hilo ni muda mrefu.

Lakini kwanza tuyatazame maneno yenyewe, kwani kisa changu kimo ndani yake.

Sisi watu wa pwani hatuna upungufu katika mlango huu. Tuna soga, tuna gumzo, tuna porojo, tuna michapo, tuna domo. Mgeni huyaona yote kuwa kitu kimoja, lakini mwenyewe anajua tofauti zake kama mpishi anavyojua tofauti ya hiliki na mdalasini. Soga ni mazungumzo ya kupitisha wakati baina ya watu waliokwisha kuridhiana. Hayana ajenda wala mwenyekiti. Gumzo lina watu wengi zaidi na lina mshindo: jambo likishakuwa gumzo la mji, limekwisha kutoka mikononi mwa aliyelianzisha. Porojo ni soga iliyokosa chumvi, na mtu akiambiwa "hizo porojo" amekwisha kuambiwa kuwa maneno yake hayana uzito. Michapo ni vituko vya watu vinavyosimuliwa kwa kicheko. Domo ni la yule apendaye kusikika kuliko kusikiliza. Ukivuka mpaka mmoja zaidi unafika kwenye umbea na usengenyaji, na huko si soga tena, kwa sababu soga hutaka mtu awepo, na usengenyaji hutaka asiwepo.

Kiingereza nacho kina ghala yake, na ukiifungua utakuta mambo ya kustaajabisha. "Chat" limekatwa kutoka "chatter", neno lililoigiza sauti za ndege. Kwa hivyo Mwingereza anayekualika kwa "chat" ni kama anayekualika mkae tawi moja. "Chinwag" ni kutikisa kidevu. Mmarekani akitaka kuzungumza bila ya kusudi husema "shoot the breeze", yaani kuupiga risasi upepo mwanana. Sisi upepo tunaupunga, wao wanaupiga risasi, na bado wote tumekaa kibarazani.

Neno "gossip" lina historia ya kuhuzunisha. Katika Kiingereza cha kale lilikuwa "godsibb", yaani jamaa wa ubatizo, mtu asiye wa damu lakini aliyeingizwa nyumbani akawa ndugu. Baadaye likawa la rafiki wa karibu, hasa wanawake waliokuja kukaa na mwenzao wakati wa kujifungua. Halafu likahama kutoka kwa wanawake wenyewe likaenda kwenye maneno waliyoyasema mle chumbani, na leo ni umbea mtupu. "Palaver" nalo lilitoka kwa Wareno, ambao kwao lilikuwa ni "neno" tu, au "usemi". Mabaharia walilitumia katika pwani ya Afrika Magharibi kwa mashauriano baina ya wafanyabiashara na wenyeji. Waingereza walilipokea, na likaishia kuwa jina la maneno mengi yasiyo na kichwa wala miguu. Nahisi wenyeji wale walikuwa wakijadiliana mambo mazito, na aliyesikiliza bila ya kuelewa akayaita porojo.

Mtaalamu Bronislaw Malinowski, aliyekaa na watu wa visiwa vya Trobriand katika bahari ya Pasifiki, aliandika mwaka 1923 kwamba sehemu kubwa ya maneno ya binadamu haipeleki habari yoyote. Kazi yake ni kuwaunganisha wasemaji. Unapomuuliza mwenzio habari za asubuhi hutafuti habari, unafunga kamba baina yako na yeye. Mzee yeyote anywaye kahawa pale Jaws Corner, Mji Mkongwe, angelimwambia hayo bila ya kumpandisha chombo. Lakini lipo jambo moja ambalo Malinowski hakunifunza, na wazee wa kahawa hawakunifunza, kwa sababu wao wanalijua bila ya kulisema. Hilo nililijua Kasulu.

Nilikwenda bara mwaka 2001. Nilikuwa nimesomesha Kiingereza na Kiswahili kwa miaka kadhaa hapa kisiwani, na nilipata kazi ya ukalimani katika kambi za wakimbizi za mkoa wa Kigoma. Nilisafiri kwa reli ya kati, reli iliyofika Kigoma mwaka 1914, na siku ya kwanza nilikwenda kutembea Ujiji. Nilijiona niko nyumbani. Kanzu zile zile, kofia zile zile, miembe, misikiti, na watu wamekaa nje ya nyumba zao wakiuzungumza ulimwengu. Nikajisemea kuwa pwani ni refu kuliko nilivyofundishwa.

Siku ya pili gari ilipanda kwenda Kasulu, na pwani ikakatika. Nchi ilijikunja ikawa vilima. Migomba ilishika miteremko, mahindi na maharage yakajaa mabondeni, na barabara ilikuwa ya udongo mwekundu uliotuingia mpaka kwenye meno. Asubuhi yake niliamka kwa baridi, mimi ambaye sijapata kumiliki sweta. Mbele zaidi, kaskazini, kuna Kibondo, nako ni hivyo hivyo, milima na ukungu. Hiyo ndiyo Buha, nchi ya Waha, iliyokuwa na falme zake: Heru upande wa Kasulu, Muhambwe na Buyungu upande wa Kibondo, na mtawala akiitwa Mwami.

Jambo la kwanza lililonishangaza huko ni salamu. Nilizoea salamu zetu, sabalkheri na masalkheri, nyingi na za haraka, mtu akizitoa huku anakwenda. Kule, kina mama wawili wakikutana njiani na mizigo kichwani walisimama. "Mwakeye," mmoja angesema, na mwenzake angejibu, na kisha mikono hushikana na haiachani upesi. Ataulizwa mgonjwa, ataulizwa shamba, ataulizwa aliyesafiri. Mimi nilisimama pembeni nikiitazama saa. Miezi ilipita kabla sijaelewa kuwa kilichofuata salamu ile, hata kama ni bei ya maharage tu, kilikuwa tayari kimekwisha pewa mahali pa kukaa.

Nilipanga chumba kwa mzee mmoja wa Kasulu, na huyo ndiye aliyenifungulia nchi. Jioni ya kwanza alinistaajabisha kwa Kiswahili chake. Hakikuwa Kiswahili cha kubabaisha. Kilikuwa cha Tanga hasa, chenye maneno ambayo mimi niliyasikia kwa bibi yangu tu.

"Nilikuwa manamba," alinieleza. "Wewe mwanangu umekuja huku kwa reli, mimi niliifuata reli hiyo hiyo kwenda kwenu."

Msomaji kijana huenda halijui neno manamba. Hao walikuwa vibarua wa mikataba katika mashamba ya mkonge zama za Waingereza, na Buha ilikuwa moja ya nchi zilizotoa watu wengi. Kuanzia mwaka 1944 ilikuwapo ofisi maalumu ya wenye mashamba, iliyojulikana kwa jina la SILABU, ambayo iliwakusanya watu wa mbali na kuwasafirisha. Mzee alikwenda akiwa kijana katika miaka ya hamsini. Alinieleza habari za kipande, kile kikadi chenye nafasi za siku 30 za kazi, ambacho karani alikitia alama kila siku uliyoimaliza kazi uliyopimiwa. Siku usiyoimaliza haikuwekewa alama, na siku isiyo na alama haikuwa siku. Uliichoma jua bure.

Usiku tulikaa nje, yeye kwenye kigoda na mimi kwenye kiti kibovu, tukila mahindi ya kuchoma. Nilimuuliza walizungumza nini jioni katika kambi za manamba, watu wa makabila mbalimbali, waliochoka. Alicheka.

"Tulisema uongo mwingi," alijibu. "Kila mtu kwao alikuwa na ng'ombe mia. Kila mtu alikuwa mtoto wa Mwami. Hakuna aliyekagua. Mchana kutwa karani anakuandika: umekuja, hukuja, umemaliza, hukumaliza. Jioni karani yuko kwake. Soga haina karani, mwanangu. Ndiyo maana tuliipenda."

Nilicheka na mimi. Niliona ni maneno mazuri, nikayasahau.

Huko sokoni nilijifunza na lugha nyingine. Kiha na Kirundi ni ndugu wa karibu, hata Mha na Mrundi huelewana bila ya mkalimani, na kwa Warundi nililipata neno "kuyaga", yaani kuzungumza kwa starehe. Mazungumzo yenyewe ni "ibiyago". Upepo wao ni "umuyaga". Sidai kuwa maneno hayo yana asili moja, hiyo ni kazi ya wataalamu. Lakini sikio langu la mshairi mdogo liliyaweka pamoja, na kila nilipowaona wazee wamekaa chini ya mti nilisema, hao wanapunga upepo kwa midomo. Wakongo nao walikuwa na neno lao, "masolo", waliloliingiza katika Kiswahili chao kutoka Kilingala. Na katika Kilingala masolo nayo hupigwa, "kobeta masolo", kama sisi tunavyopiga soga. Watu mbali mbali, lugha mbali mbali, na wote wameona kuwa mazungumzo ni ngoma.

Sasa nifike kambini.

Wakati ule Tanzania ilikuwa na wakimbizi zaidi ya nusu milioni, na wengi wao walikuwa katika nyanda zile za magharibi. Warundi walianza kuja kwa wingi mwaka 1972. Walikuja tena mwaka 1993, baada ya kuuawa Rais Melchior Ndadaye. Wakongo walivuka Ziwa Tanganyika kuanzia mwaka 1996, vita vilipozuka Kivu ya Kusini, na kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka huo kwa ajili yao. Kibondo nako kulikuwa na kambi zake. Sitaitaja kambi ya kisa changu wala ofisi niliyoifanyia kazi, kwani kosa nitakalolieleza ni langu.

Kazi yangu ilikuwa ni kuwafasiria Wakongo. Kiswahili chao ni chao. Kina ladha yake na sarufi yake, na mwanzoni nilikidharau kwa kiburi cha kisiwani. Nilidhani nazungumza nao lugha moja, ila wao wanaikosea. Huo ulikuwa mwanzo wa kosa.

Asubuhi moja aliletwa mama mmoja aliyekuwa akisubiri kufikiriwa kupelekwa kuishi katika nchi ya tatu. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye kitenge kilichopauka kwa kufuliwa lakini kimepigwa pasi. Alikaa pembeni ya kiti. Mikono yake ilitulia mapajani kama ya mtoto aliyekatazwa kugusa kitu. Afisa aliyemhoji alikuwa mgeni kutoka nje, mtu mwema, nasema hivyo bila ya kejeli. Aliuona woga wa yule mama na akautaka umtoke. Akaniambia kwa Kiingereza: mwambie asiogope, mahojiano rasmi yatakuja siku nyingine, leo tuna "chat" tu.

Nilikuwa na maneno mengi ya kuchagua. Ningeweza kusema mahojiano mafupi, au maulizo ya mwanzo. Lakini mimi ni mtu wa lugha, na nilijivunia kupata neno lenye ladha. Nilimwambia: "Mama, usiwe na wasiwasi. Leo hakuna kesi hapa. Tutapiga soga tu."

Hakulijua neno soga. Nilimwona akilitafuta. Nikamsaidia, na hapo ndipo nilipojifunga mwenyewe. Nikasema: "Masolo, Mama. Masolo."

Uso wake ulifunguka. "Ni masolo tu, Mwalimu?"

"Masolo tu."

Akaingia kitini hadi mgongo ukagusa. Akazungumza, na alikuwa mzungumzaji kweli kweli. Alitueleza habari za samaki wa kwao, na jinsi walivyovuka ziwa usiku ndani ya mtumbwi uliojaa mpaka maji yakawa yanalamba mikono yao. Afisa alicheka, mimi nilicheka. Alipoulizwa watoto, alisema anao saba, na akawataja tabia zao mmoja mmoja. Alipoulizwa mume, alitabasamu akasema: "Huyo alibaki ng'ambo. Alikuwa mvivu wa kuvuka maji." Nikafasiri na hilo, na tukacheka tena. Afisa alikuwa na karatasi mbele yake, na huku akicheka alikuwa akiandika.

Wiki kadhaa baadaye yalikuja mahojiano rasmi, mbele ya mtu mwingine, nami nikafasiri tena. Mama alikuwa amerudi pembeni ya kiti. Alisema watoto aliowazaa ni watano. Alisema mumewe aliuawa kando ya ziwa, siku ile ile waliyovuka, na kwamba hawakupata kumzika.

Msomaji, wewe ni Mswahili na huhitaji kufafanuliwa. Saba ni watano wa tumbo lake na wawili wa marehemu dada yake. Nani kwetu angewatenga katika mazungumzo? Na nani, akiwa amekaribishwa kwa masolo, angeitupa maiti ya mumewe katikati ya watu wanaocheka? Alimfunika. Alisema mvivu wa kuvuka maji, kama sisi tusemavyo kuwa fulani ametutangulia. Lilikuwa fumbo la heshima, lingetosha kuwa ubeti, na mimi nililifasiri kama taarifa ya afya ya mume.

Katika faili, hata hivyo, karatasi mbili zilisimama zikitazamana. Moja ilisema watoto saba, nyengine watano. Moja ilisema mume yu hai ng'ambo, nyengine amekufa. Aliyezisoma hakuwapo siku ya kicheko, na karatasi haina sauti. Aliona mtu aliyesema uongo mara mbili. Faili likawekwa kando.

Nililijua hilo baada ya miezi, tena kwa bahati. Mama mwenyewe ndiye aliyeniambia. Nilikutana naye njiani karibu na mabomba ya maji, nikamsalimia kwa uchangamfu kama nilivyozoea. Aliiweka ndoo chini. Hakupaza sauti.

"Mwalimu," alisema, "uliniambiaka ni masolo."

Hilo tu. Kisha akajitwika ndoo yake akaenda.

Sikulala usiku ule. Nilizipitia siku zile mbili neno kwa neno, nikitafuta nilipokosea, na kwa fedheha yangu nikaona kuwa nilifasiri sawasawa kila neno isipokuwa lile la kwanza. Na hata hilo, kikamusi, lilikuwa sahihi. Fungua kamusi yoyote: "chat" ni soga, soga ni "chat". Kosa halikuwa katika maana. Wahenga wanasema, heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Lakini mimi nilijikwaa ulimi na aliyeumia kidole alikuwa mwingine.

Asubuhi nilimsimulia mzee. Alinisikiliza mpaka mwisho, akiparuza udongo kwa fimbo yake.

"Wewe ulimwambia karani amekwenda zake," alisema, "kumbe umemkalisha mezani."

Hapo ndipo maneno yake ya zamani yaliponirudia, na ndipo nilipolielewa lile jambo ambalo wazee wa kahawa wanalijua bila ya kulisema. Maneno haya yote, soga, masolo, ibiyago, "chat", hayaelezi aina ya mazungumzo peke yake. Yanatoa ahadi. Anayesema "njoo tupige soga" anamwambia mwenzake: hapa hutapimwa. Hapa unaweza kuongeza chumvi, ukawa na ng'ombe mia, ukawazaa watoto wa dada yako, ukamfanya marehemu kuwa mvivu wa safari, na kesho hakuna atakayekurudia na kalamu. Ndani ya ahadi hiyo ndimo mashairi yetu yalimozaliwa, ndimo mafumbo, vijembe na utani vinamoishi. Ikivunjwa, mtu haachi tu kusema. Anaacha kuwa mtu mbele yako, anakuwa majibu.

Afisa yule hakuwa na ahadi hiyo moyoni. Alikuwa na neno lake tu, jepesi, la kumwondolea mtu woga, na katika ofisi za kwao huenda kila mtu anajua kuwa "chat" mbele ya meza na karatasi si "chat". Mimi ndiye niliyelivisha neno hilo nguo ya barzani. Na Mama alikuwa na haki ya kuiamini nguo.

Niliandika ukurasa mzima kueleza tofauti ile, kwamba ya kwanza yalikuwa maongezi na jinsi nilivyoyaita kwa kinywa changu, na kwamba hitilafu zote mbili zinafahamika kwa anayejua desturi. Ukurasa wangu uliingizwa katika faili. Baada ya muda mrefu faili lilitazamwa tena, na Mama akaambiwa kuwa yeye na watoto watano wanaweza kuendelea. Wale wawili wa dada yake watafute karatasi zao wenyewe. Alikataa. Alisema aliwataja saba siku ile alipoambiwa hakuna kesi, na siku hiyo ndiyo aliyosema kweli. Nilipoondoka Kasulu mwaka 2004 alikuwa bado yupo, na watoto wake saba.

Kwa muda wangu uliobaki nilibadilisha kazi yangu kwa jambo moja. Kila nilipoambiwa nimwambie mtu kuwa ni "chat" tu, nilimwambia hivi: "Haya ni maulizo. Utakayoyasema yataandikwa, na yatasomwa na mtu usiyemwona." Maafisa walilalamika kuwa watu wanajifunga. Ni kweli, walijifunga. Nilikuwa nikiziona nyuso zikifungwa moja baada ya moja, na iliniuma, kwa sababu mimi ni mtu wa barza na napenda mtu akunjue moyo. Lakini walijifunga wakijua kwa nini.

Mzee wangu wa Kasulu hatunaye tena. Habari zilinifikia kwa simu, miaka mingi baadaye. Niliposikia nilikaa nje, na kwa mara ya kwanza nikatamani baridi ya kule, na mahindi ya kuchoma, na ng'ombe mia wasiokaguliwa.

Siku ya pili mtoto wa kaka yangu alikuja kulichukua daftari. Nilikuwa nimeandika. Mbele ya "natter" tuliweka porojo, mbele ya "chinwag" kupiga domo, mbele ya "gossip" umbea, na mbele ya "small talk" maneno ya kujuliana hali. Mbele ya "chat" niliandika soga, kwa sababu ndilo jibu, na mwalimu wake ataliwekea alama ya vyema.

"Mbona umechukua siku nzima, Ami?" aliuliza. "Na kuchati je? Sisi tunasema kuchati."

Nilimwambia kuchati ni neno zuri la Kiswahili kipya, wala silikatai, lakini asilichanganye na soga. Kuchati kunafanywa kwa simu, na simu haisahau. Kicheko cha leo kinaweza kusomwa mwakani na mtu ambaye hakukisikia. Hiyo ni soga iliyowekewa karani mfukoni.

Alinitazama kuona kama nafanya mzaha. Kisha akaitoa simu yake, akaiweka chini ya mto, upande wa ndani wa dirisha, akarudi akakaa karibu yangu. Muuza kahawa alikuwa anapita, tukasikia vikombe vyake vikigongana. Akaniambia jambo lake moja, refu, lenye chumvi nyingi, nami nikamjibu kwa langu.

Aliyoniambia sikuyaandika, wala hapa siyaandiki.